Mbao zilizobadilishwa (kwa joto, asetili, furani) na unyevu: zinafanya nini hasa, na zinakwama wapi

#1 Pasua Mbao

Wakuu, salamu. Nafungua uzi huu kwa sababu kwenye nyuzi za ujenzi watu wanachanganya vitu vitatu: mbao iliyokaushwa, mbao iliyotiwa dawa, na mbao iliyobadilishwa.

Iliyokaushwa imetolewa maji tu, na ikipewa nafasi itayarudisha. Iliyotiwa dawa, kama ile paini ya kijani ya Mafinga, imepewa sumu ya kuua kuvu na mchwa, lakini kuvimba kwake ni kulekule. Iliyobadilishwa ni ile ambayo kuta za seli zake zimeguswa, kwa joto kali au kwa kemikali, hadi zikapoteza sehemu ya uwezo wa kushika maji. Hii ya tatu ndiyo mada yetu.

Msingi kwanza. Ukuta wa seli ya mti umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Zote, na hasa hemiselulosi, zina vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana), na hapo ndipo maji yanaponata. Maji yakiingia ukutani, ukuta unatanuka, yakitoka, unanywea. Kwa mbao nyingi ukuta hushiba unyevu unapofika karibu asilimia 30 ya uzito mkavu. Maji yanayozidi hapo hukaa kwenye uwazi wa seli na hayavimbishi kitu. Ndiyo maana gogo lililolala mtoni mwaka mzima halinenepi kupita lilivyokuwa siku lilipoangushwa.

Sasa hesabu. Hewa ya nyuzijoto 27 yenye unyevu wa asilimia 50, mbao ya kawaida hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 9. Hewa hiyo hiyo ikipanda hadi asilimia 80, mbao hupanda hadi karibu 16. Paini hutanuka takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu, ukipima upande unaofuata mzunguko wa pete. Kwa hiyo ubao wa milimita 140, uliopasuliwa pete zikiwa zimelala, ukitoka 9 kwenda 16 unaongezeka milimita 2.5 hivi. Mbao 20 zilizobanana zinatafuta sentimita 5 za kwenda. Zisipopata, zinainuka katikati au zinasukuma ukuta. Upande wa kuelekea kiini mwendo ni nusu ya huo, na kwa urefu hauhesabiki.

Fremu inayotengenezwa Dodoma kiangazi ikafungwa Kigamboni masika inapita kwenye hesabu hii hii.

#2 Mwani Mwekundu

Mkuu asante kwa somo. Swali langu ni la kazi: deki ya nje, pwani, mita chache kutoka ufukweni. Muuzaji ananadi mbao ya paini iliyochomwa kwa joto Ulaya, rangi ya kahawia kama kahawa. Anasema haivimbi, haiozi, hailiwi na mchwa, na haihitaji rangi. Bei imesimama. Ni kweli yote hayo?

#3 Mkemia wa Kiwandani

Kati ya madai hayo manne, mawili ni nusu kweli na mawili si kweli. Lakini ngoja nieleze njia zenyewe, maana "imebadilishwa" si kitu kimoja.

Njia ya joto: mbao hukaushwa hadi karibu sifuri, kisha hupashwa nyuzijoto 160 hadi 230 ndani ya mvuke ili hewa ya oksijeni isiwashe moto. Kwa utaratibu wa Finland unaoitwa ThermoWood, paini huenda karibu nyuzi 190 kwa daraja la S na 212 kwa daraja la D, na hukaa kwenye joto hilo saa 2 hadi 3. S ni ya utulivu wa vipimo, D ni ya kudumu nje. Baadaye hupozwa na kunyunyiziwa maji hadi unyevu urudi asilimia 4 hadi 7. Kinachotokea ndani: hemiselulosi, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa maji, inavunjika na sehemu yake inatoka kama mvuke wenye asidi. Lignini nayo inajifunga upya na kuukaza ukuta.

Njia ya asetili: mbao inayopitisha vimiminika, hasa paini aina ya radiata, huingizwa asetiki anhidraidi kwa ombwe na mgandamizo, kisha hupashwa. Kila haidroksili inayokubali hupokea kikundi cha asetili, na asidi ya asetiki (ileile ya kwenye siki) hutoka kama masalia. Uzito wa mbao hupanda karibu asilimia 20. Bidhaa inayojulikana zaidi ni Accoya, iliyoanza kutengenezwa kibiashara Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007. Sayansi yenyewe ni ya zamani: Mjerumani Fuchs aliifanyia paini mwaka 1928, na miaka ya 1940 maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Marekani, ikaishikia bango kama njia ya kuzuia kuvimba.

Njia ya furani: alkoholi ya furfurili, inayopatikana kwenye mabaki ya kilimo kama makapi ya miwa na magunzi ya mahindi, huingizwa kwenye mbao na kugandishwa kwa joto. Inageuka kuwa resini ngumu ndani ya ukuta. Kebony ya Norway ndiyo maarufu.

Tofauti yao fikiria daladala. Joto linang'oa viti. Asetili inakalisha abiria wa kudumu kwenye kila kiti. Furani inajaza mizigo kwenye nafasi: viti vingi bado vipo, ila huwezi kuvifikia. Kwa zote tatu maji yanakosa pa kukaa, lakini kwa sababu tofauti, na udhaifu wa kila moja unatokana na sababu hiyo.

Kwa takwimu: paini ya joto daraja la D hupunguza kuvimba kwa karibu nusu. Asetili iliyofanywa vizuri hupunguza kwa asilimia 70 hadi 80, na kikomo cha kushiba kwa ukuta hushuka kutoka 30 hadi karibu 10. Ule ubao wa milimita 140 wa mkuu Pasua Mbao, badala ya kutembea milimita 2.5, kwa joto utatembea kama 1.2 na kwa asetili kama 0.6.

Kwa hiyo "haivimbi" ni nusu kweli. Inavimba kidogo.

#4 Pasua Mbao

Nikazie hapo kwenye asetili. Asetili ni kubwa kuliko ile haidrojeni iliyoiondoa, kwa hiyo ukuta unabaki umetanuliwa hata mbao ikiwa kavu kabisa. Ukiupima ubao wa asetili uliokauka, ujazo wake unakaribia ule wa mbao mbichi. Umeshavimba tayari, ndiyo maana hauna pa kwenda.

#5 Randa Kavu

Wakuu mnatupeleka Ulaya. Mbao ya hapa ikipigwa vanishi ya baharini makoti matatu, au ikilowekwa oili chafu, ina shida gani? Mafuta na maji havipatani, hiyo haihitaji maabara.

#6 Mkemia wa Kiwandani

Mkuu, vanishi ina kazi yake, ila inabadilisha kasi na haigusi kikomo. Mvuke wa maji unapenya kila vanishi. Ubao uliopakwa ukiachwa kwenye hewa ya asilimia 80 wiki za kutosha utafika 16 uleule, umechelewa tu. Kwa mvua ya saa moja kuchelewa huko ni faida kubwa. Kwa masika ya miezi, hapana.

Kibaya zaidi ni vanishi iliyopasuka. Maji yanaingia kwa ufa haraka kama kimiminika, yanataka kutoka polepole kama mvuke kupitia vanishi iliyobaki, na mbao inakaa na unyevu juu ya asilimia 20 muda mrefu. Kuvu hapo wanafanya sherehe. Na mafundi wengi hupaka uso wakasahau vichwa vya ubao (ncha zilizokatwa) na sehemu ya chini ya mlango, wakati kichwa kinanyonya maji kwa kasi kubwa kuliko uso wowote.

Oili chafu inajaza uwazi wa seli karibu na uso, haiingii ukutani. Molekuli zake ni kubwa na hazina cha kushikana na haidroksili. Inafukuza tone la maji, lakini mvuke hauisikii. Tena ina metali na mabaki ya kuungua ambayo hutaki kwenye sakafu ya watoto, na rangi haitashika juu yake milele.

Kuchoma uso kwa moto, ule mtindo wa Kijapani ambao sasa uko kila mahali mtandaoni, ni hivyohivyo. Tabaka la mkaa ni milimita chache, na chini yake ni mbao ileile yenye kiu ileile. Ukiupenda kwa sura, sawa.

#7 Randa Kavu

Nimekuelewa kwenye mvuke. Lakini mbona mbao ya kijani yenye dawa inadumu nje miaka mingi bila habari za asetili?

#8 Pasua Mbao

Kwa sababu kudumu na kutulia ni mambo mawili. Dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inamuua mlaji. Kiwandani inaingizwa kwa maji, kwa mgandamizo, kwa hiyo mbao ikitoka pale imelowa kupita kikomo cha kushiba. Nyingi zinauzwa hivyohivyo. Ukiifunga mbichi, itasinyaa ikiwa tayari imepigiliwa: nafasi za milimita 3 zinakuwa 10, vichwa vinapasuka, na ufa unafichua mbao ya ndani isiyofikiwa na dawa. Mchwa anapita hapo. Watu wanasema dawa feki, kumbe mara nyingi kosa ni kufunga mbao isiyokauka, au kukata ubao baada ya dawa bila kupaka dawa kwenye kichwa kipya.

Hapa asetili ina faida isiyosemwa sana: ikifanywa vizuri inafika katikati ya ubao, hivyo ukikata, ukiranda au ukichimba tundu la kitasa, uso mpya una sifa zilezile.

#9 Mwani Mwekundu

Na mchwa je, kwa hii ya joto? Hilo ndilo swali la mteja.

#10 Mkemia wa Kiwandani

Mchwa wanaila. Nasema bila kuzunguka kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapotea. Joto linafanya mbao isiwe rafiki kwa kuvu, maana kuvu anahitaji maji ndani ya ukuta na hemiselulosi za kuanzia. Mchwa anakuja na maji yake na vijidudu vyake tumboni, na mbao hii haina sumu yoyote ya kumzuia. Madaraja ya kudumu yanayotajwa kwenye karatasi za bidhaa (S huwekwa daraja la 3, D la 2) yanapimwa dhidi ya kuvu. Muuzaji akikuonyesha cheti, soma kimepimwa kwa nini.

Mbao ya joto pia haifai kugusa udongo, hata kama hakuna mchwa.

Asetili ya asilimia 20 inamhimili mchwa vizuri zaidi. Anaweza kuonja uso lakini hasitawi. Hata hivyo haimfukuzi. Atajenga njia yake juu ya ubao wa asetili kwenda kwenye kenchi za paini tupu zilizo nyuma yake. Kwa hiyo nguzo fupi za deki ziwe za zege au chuma, weka bamba la kuzuia mchwa juu ya nguzo, acha nafasi chini ambayo mtu anaweza kuchungulia.

Kuhusu dai la mwisho la muuzaji: zote, bila kubagua, zinageuka kijivu juani. Mionzi inavunja lignini ya uso na mvua inaiosha. Ile kahawia nzuri ya mbao ya joto inaanza kukimbia ndani ya miezi. Ukitaka ibaki, paka mafuta yenye rangi ndani yake, na urudie. Mafuta yasiyo na rangi hayazuii jua.

#11 Kipimo Sahihi

Mniruhusu niharibu sherehe kidogo kwenye takwimu, maana kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni wa kugawanya. Unyevu wa mbao ni uzito wa maji kugawanya kwa uzito mkavu. Chukua gramu 100 za mbao kavu ya kawaida, inashika gramu 12 za maji, unapata asilimia 12. Ipe asetili hadi iwe gramu 120. Sasa inashika gramu 5 za maji: 5 kwa 120 ni asilimia 4.2. Lakini mbao halisi iliyomo ndani bado ni gramu 100, kwa hiyo kwa kulinganisha haki ni asilimia 5. Sehemu ya "maajabu" ilikuwa hesabu tu. Kwa furani, ambayo uzito unaweza kupanda asilimia 30 na zaidi, mtego ni mkubwa zaidi. Kwa mbao ya joto ni kinyume, uzito umepungua.

Wa pili ni wa mbao ya joto iliyopikwa bila mvuke mwingi, yaani katika hali kavu. Sehemu ya upungufu wake wa unyevu hairudi tena, hiyo ni hemiselulosi iliyokwisha kwenda. Sehemu nyingine inarudi: kuta zilikazana wakati wa kupikwa, na ukizilowesha mpaka zishibe zinalegea na kushika maji zaidi ya zilivyoshika mwanzo. Mbao inapimwa ikiwa mpya kutoka kwenye pakiti, inapata alama nzuri, kisha baada ya masika ya kwanza inatembea zaidi ya ilivyoahidiwa. Haijaharibika, imerudi kwenye tabia yake ya kudumu. Mpimaji mwaminifu huloweka na kukausha kwanza, ndipo anapima.

#12 Jenga Polepole

Ndugu zangu, kwa nini tusipike wenyewe? Kuna matanuri ya kukaushia mbao Iringa na kwingineko. Joto ni joto.

#13 Mkemia wa Kiwandani

Usifanye. Tanuri la kukaushia limejengwa kwa nyuzijoto 60 hadi 80, mengine yanafika mia. Kwa nyuzi 200 mpira wa milango unayeyuka, feni zinakwama, na hiyo ndiyo sehemu ndogo ya tatizo.

Kubwa ni kwamba mbao ikianza kuvunjika karibu na joto hilo, inatoa joto lake yenyewe pamoja na gesi zinazowaka. Katikati ya lundo panakuwa na joto kuliko unavyosoma kwenye kipima joto cha ukutani. Ukiona tatizo ukafungua mlango, umeingiza oksijeni kwenye gesi ya moto. Viwanda vina mvuke wa kuzima, vihisi ndani ya mbao zenyewe, na mahali pa kuchoma au kusafisha gesi, kwa sababu ule mvuke una asidi na unakula chuma cha kawaida.

Na hata usipoungua, utapata mbao iliyopasuka ndani. Unyevu ukibaki asilimia 10 wakati unapandisha joto kupita 130, maji yanachemka ndani ya ukuta, yanatafuta njia. Nje ubao unaonekana mzima, ukiukata unakuta mashimo kama sega. Paini yenye vifundo vikubwa inaachia vifundo vyote.

Asetiki anhidraidi ndiyo usiiguse kabisa nje ya kiwanda. Inaunguza macho na mapafu, inagombana na maji kwa joto.

#14 Tezo la Malindi

Wadau, mie nitaongelea kufunga, maana mbao nzuri inaharibiwa na fundi.

Mbao ya joto imepoteza nguvu. Kwa madaraja ya juu uwezo wa kuhimili kupinda unaweza kushuka hata asilimia 30, na inavunjika ghafla bila kulalamika. Usiitumie kwa boriti wala kenchi. Kwa deki ya unene wa milimita 26 weka maboriti kila milimita 400 kati kwa kati, yawe ya mbao nyingine. Toboa kila tundu kabla ya skrubu, usikae karibu na ukingo chini ya milimita 15, na karibu na kichwa cha ubao kaa mbali zaidi. Bisibisi ya umeme iwe kwenye nguvu ndogo, kichwa cha skrubu kiishie usawa wa uso. Kikizama kinafanya kikombe cha maji na nyuzi zilizokatika pembeni yake zinanyonya.

Skrubu: mbao ya joto ina asidi, ya asetili pia ina mabaki ya asidi ya asetiki. Chuma cha mabati kitalia machozi meusi. Bara tumia chuma cha pua daraja A2, pwani A4 tu. Bei ya A4 inauma, lakini kubadilisha skrubu 1,200 zilizokatika vichwa inauma zaidi.

Nafasi kati ya mbao milimita 5 hadi 6. Usiibane kwa sababu umeambiwa haivimbi. Nafasi pia ni ya maji kushuka na mchanga kupita.

Gundi: nyeupe ya maji inakauka kwa kunywewa maji yake na mbao. Hizi hazinywi haraka, kwa hiyo vibano vikae muda mrefu kuliko kawaida, na usiupeleke mlango juani upesi. Gundi ya polyurethani inahitaji unyevu ili ikaze na mbao ya asilimia 5 haina wa kutoa. Pitisha kitambaa chenye unyevunyevu upande mmoja kabla ya kubandika.

Na vumbi la mbao ya joto ni jembamba sana, linaelea. Barakoa ya kweli, sio kitambaa.

#15 Pasua Mbao

Ongeza saruji kwenye orodha yako mkuu Tezo. Huku kwetu fremu ya mlango inasimamishwa kwanza, kisha inajengewa na kupigwa plasta ikiwa mahali pake. Kwa asetili huo ni utaratibu mbaya. Kile kifungo cha asetili ni esta, na esta inavunjwa na alkali. Saruji mbichi ina alkali kali na maji ya kuibeba. Upande wa fremu unaokaa ndani ya udongo wa saruji unapoteza asetili yake taratibu, unarudi kuwa paini ya kawaida, tena mahali usipoweza kupaona.

Jenga tundu kwa fremu ya muda ya mbao rahisi, kubwa kuliko fremu halisi kwa milimita 10 kila upande. Piga plasta, acha ikauke wiki nne, ndipo ufunge fremu halisi kwa skrubu ndefu na vipande vya plastiki vya kuachanisha, kisha ujaze ufa kwa silikoni isiyo ya asidi. Chini ya miimo acha milimita 10 juu ya sakafu, au weka kiatu cha chuma cha pua. Fremu yoyote itakushukuru, hata ya mninga.

#16 Mwani Mwekundu

Nimeona wengine wanapima kwa kile kipima unyevu cha sindano mbili. Kwa mbao hizi kinasema ukweli?

#17 Kipimo Sahihi

Hakisemi. Kinapima jinsi umeme unavyopita, kisha kinatafsiri kwa jedwali la mbao ya kawaida. Ukuta uliobadilishwa unapitisha umeme kwa namna yake, kwa hiyo namba inayotokea haina maana bila jedwali la bidhaa husika.

Pima kwa mizani. Kata kipande, pima uzito, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 24, pima tena. Tofauti gawanya kwa uzito mkavu, zidisha mia.

Kabla hujalipia shehena, omba vipande vya sampuli na ufanye jaribio hili. Kata vijipande vitano vya mbao inayouzwa na vitano vya paini ya kawaida, kila kimoja milimita 20 kwa 20 upande wa pete na milimita 10 kwa urefu wa nyuzi. Ufupi wa nyuzi ni wa makusudi, maji yafike ndani haraka. Pete ziwe sambamba na ukingo mmoja, vinginevyo unachanganya pande mbili. Viandike namba kwa penseli, wino utaoshwa.

Viloweke siku tatu, ubadilishe maji kila siku, vikaushe polepole kivulini siku mbili, kisha kwenye oveni. Huo mzunguko wa kwanza utupe, ni wa kuondoa ile tabia ya muda niliyoieleza juu. Sasa pima pande zote mbili kwa kalipa ya venia vikiwa vikavu, loweka tena hadi vizame na visibadilike, pima.

Mfano wa hesabu: paini ya kawaida kutoka 20.0 kwa 20.0 imefika 21.5 kwa 20.8. Zidisha, unapata 447.2 dhidi ya 400, yaani imevimba asilimia 11.8. Ya joto imefika 20.8 kwa 20.4, ni 424.3, imevimba 6.1. Toa 6.1 kwenye 11.8, gawanya kwa 11.8: imezuia asilimia 48 ya kuvimba. Kwa joto daraja la juu hiyo ni mbao halali. Ukipata 20, umeuziwa rangi ya kahawia. Kwa asetili, chini ya 65 anza kuuliza maswali, na kata kijipande kimoja kutoka katikati kabisa ya ubao mnene, maana kemikali hafifu huishia pembeni.

Huna mizani ya gramu 0.01? Kwa kuvimba huihitaji, kalipa inatosha.

Ukitaka kupima hewa badala ya maji: ndoo yenye mfuniko, chumvi ya mezani iliyolowa kama uji mzito chini, wavu juu yake, vijipande juu ya wavu visiguse chumvi. Hewa ndani itakaa asilimia 75 bila wewe kufanya lolote. Paini itatulia karibu asilimia 14, ya joto karibu nusu, ya asetili chini zaidi. Pima kila wiki hadi uzito usibadilike.

#18 Randa Kavu

Nakubali kushindwa kwenye oili chafu. Lakini jamani, hiyo jaribio la kuzamisha: mbao ya asetili imezama majini kwangu ikaongeza uzito sana. Si ndiyo mnasema hainywi maji?

#19 Mkemia wa Kiwandani

Inakunywa. Uwazi wa seli haujaguswa, kwa hiyo maji huru yanaingia kama kawaida na ubao unaweza kuwa mzito. Haivimbi sana tu, kwa sababu maji hayo hayapo ukutani. Mbao ya joto nayo kwa baadhi ya miti hunywa kwa vichwa haraka kuliko ya kawaida, kwa nyufa ndogondogo za mapikio. Ndiyo maana vichwa vipakwe nta hata kwa mbao ghali. Uholanzi wamejenga madaraja mawili ya magari Sneek kwa radiata ya asetili, la kwanza 2008 na la pili 2010. Yananyeshewa, yanalowa, yanakauka.

#20 Mwani Mwekundu

Basi kwa deki yangu?

#21 Pasua Mbao

Kama fedha ipo na fundi atafuata maelekezo ya Tezo: asetili. Ya joto, kwa pwani yenye mchwa, iweke ukutani kama vipande vya kupamba au dari ya baraza, sio sakafuni karibu na ardhi.

Kama fedha haipo, kiini cha msaji (mtiki) kilichokaushwa vizuri. Kutoka kibichi hadi kikavu kabisa kinanywea karibu asilimia 5.8 kufuata pete na 2.5 kuelekea kiini, ambayo inakaribia paini ya joto bila kupikwa, na mchwa hakipendi. Kata ile sehemu nyeupe ya nje yote. Haina ukinzani wowote na ndiyo wauzaji wanaipaka rangi ifanane. Msaji mchanga, unaokatwa mapema ili kupunguza miti shambani, una weupe mwingi, kwa hiyo hesabu upotevu kabla ya kukubali bei ya futi.

#22 Tezo la Malindi

Na msaji una mafuta. Futa kwa thina dakika chache kabla ya gundi, la sivyo kiungo kitaachia.